Nguzo Kumi na Mbili za Tanga

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Mwezi huu, hapa mtaa wa Sanyuanli, China, kuta zinatoka jasho. Mwanangu Swalha katandaza maboksi sakafuni nisiteleze. Miguu imevimba tena. Nimelala nikiwa nimekaa, mito mitatu mgongoni.

Alhamisi iliyopita, hospitali, daktari aliongea maneno mengi. Swalha akanitafsiria machache: dawa, chumvi nipunguze, nipumzike. Ana ofisi ya kusafirisha mizigo. Kutwa anawatafsiria wafanyabiashara wetu kwa Wachina, na hasifiki kwa kupunguza neno. Kwangu kapunguza. Nimeelewa. Basi niandike, maadamu mkono unashika kalamu.

Jumatano, 9 Aprili

Kaja Nassor, mteja wa Swalha, mtu wa Tanga. Katoka mji wa Foshan kuchagua vigae. Kaniamkia, kaketi, utani ukaanza — eti nimehamia China kuwakimbia wakwe. Akasema kule kwenye maduka ya Zhanqian Road kila mnunuzi anaitwa laoban, bosi, hata mwenye fulana mbili mkononi. Lakini yeye sasa ni laoban kweli. Kanunua jengo. Ghorofa nne, karibu na soko, Tanga. Anaongeza mbili juu. Vigae, madirisha ya aluminiamu, matangi — kontena zima, kwa mkono wa Swalha.

Nikauliza jengo lipi. Akanionyesha picha kwenye simu.

Nalijua. Mhandisi msimamizi nilikuwa mimi, mwaka 1994. Jina langu liko kwenye kila karatasi.

Nikauliza tena, kwa sauti ya kawaida: nani kapiga hesabu za kuongeza? Akafurahi.

"Mwanafunzi wako huyo, mzee wangu. Injinia Loyce. Nilimwambia kama kuna kutoboa nguzo tupime zege, atoboe, nitalipa. Kanijibu, zege la Mwalimu halitobolewi."

Akacheka. Alidhani ananipa zawadi.

Nilisema nimechoka. Haukuwa uongo.

Ijumaa, 11 Aprili

Swalha yuko na wateja, maduka ya barabara ya Guangyuan Xilu. Niko peke yangu. Niandike sawasawa, bila kujipamba.

Saruji ya jengo lile ilikaa ghalani miezi, ikala unyevu wa bahari. Mifuko ilikuwa na mabonge. Kanuni yake nimewafundisha vijana miaka ishirini: bonge likisagika kwa vidole, sawa, lisiposagika, mfuko mzima unatupwa. Mengi hayakusagika. Mkandarasi alikuwa ananitazama. Mimi nilikuwa na haraka, na nilikuwa na kiburi cha mtu anayesubiri kupandishwa cheo. Nikasaini ipokelewe.

Tukamwaga nguzo kumi na mbili za chini. Kama ilivyo ada, zege la siku ile tulijaza kwenye kalibu za chuma za mraba, tupate michemraba ya kuvunja maabara. Siku ya saba tulivunja mitatu. Ilipasuka mapema mno, kama biskuti. Nguzo zilistahili kuvunjwa.

Kuzivunja ni kueleza nani alipokea saruji ile.

Siku ya nane nilichanganya zege jingine mwenyewe, saruji mpya, nyingi. Nikajaza kalibu nyingine. Nikaandika kwa msumari juu yake, zege likiwa bichi, tarehe ya zile nguzo. Michemraba hiyo ilipovunjwa ilivuka kiwango vizuri sana. Vyeti vikatoka. Nikavisaini navyo.

Hakuna aliyenipa hata senti. Mara nyingine natamani ningehongwa. Ningekuwa na mtu wa kugawana naye.

Na Loyce kapiga hesabu za ghorofa mbili juu ya vyeti hivyo. Nilimfundisha kila kitu, isipokuwa kumtilia shaka mwalimu wake.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemwambia Swalha. Alikuwa anabandika majina kwenye marobota. Hakuinua uso mpaka nilipomaliza. Akauliza kwa nini namwambia yeye, yeye si injinia. Nikasema kwa sababu sina nguvu ya kulibeba peke yangu hadi kwa Nassor. Akabandika lebo mbili zaidi. Zote mbili kwenye robota moja.

Baadaye akampigia simu Loyce, akanipa niongee. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee sasa, ana ofisi yake, na bado anasema shikamoo Mwalimu kama yuko dawati la mbele. Nilimweleza polepole. Alinisikiliza kwa heshima zote. Akanitakia afya. Kisha akaomba kuongea na Swalha — akaenda na simu jikoni, spika wazi, nikawasikia. Loyce anasema dawa za moyo huwachanganya wazee. Baba yake pia, mwishoni, alikiri kuiba ng'ombe ambao hawakuwahi kuwepo!

Swalha akarudi, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu. Akauliza mama yake alizaliwa wapi. Nikamjibu. Kisha nikamtajia namba za michemraba mitatu ya siku ya saba, mmoja mmoja. Akakaa chini.

"Andika barua, Baba," akasema. "Ya mkono. Mwandiko wako anaujua."

Jumatatu, 14 Aprili

Barua kurasa mbili. Imenichukua siku nzima ya jana, kwa kupumzika kila aya. Swalha kaipiga picha, kamtumia Loyce, na Bodi ya wahandisi, na Nassor.

Nassor kaja kabla ya adhuhuri. Hakuketi. Hakupandisha sauti pia — wa Tanga akikasirika huongeza adabu. Akanikumbusha jengo limesimama miaka thelathini na moja. Nikamwambia limesimama kwa kubeba nne. Halijawahi kuombwa kubeba sita. Akasema mbao za sakafu ya tano zimeshapigwa, nondo zimeshafungwa, zege linamwagwa Jumamosi hii. Nikamuuliza kuhusu wanaoishi chini yake. Familia kumi na moja, akasema, na maduka. Hakuwahamisha, kodi zao ndizo zinajenga.

Kisha likamtoka:

"Mzee, si ungekufa tu na siri yako? Sisi tungemwachia Mungu."

Swalha alisimama. Nikampungia mkono akae.

"Mungu hakusaini vile vyeti, Nassor. Nilisaini mimi."

Akatazama chini. Akaniomba radhi. Nikamwambia sina cha kumsamehe, na kama anataka kunitukana, anitukane leo, kesho sina hakika nayo. Hakutukana. Alikunywa maji, akaondoka, akasahau mwavuli.

Jioni, ujumbe wa Loyce. Kasoma barua mara tatu. Atatoboa Alhamisi. "Lakini Mwalimu ujue, natoboa kukusafisha jina."

Alhamisi, 17 Aprili

Saa tisa alasiri hapa. Tanga saa nne asubuhi. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji mbele yangu. Swalha kulia. Nassor mlangoni, viatu vimelowa. Naandika huku natazama. Herufi zinisamehe.

Loyce kavaa kofia ngumu, nyuma yake duka la vitambaa. Kaniamkia. Akawaambia mafundi, kwa kunisikilizisha, kwamba leo watamwondolea Mwalimu wasiwasi. Nimechagua mimi: nguzo ya tatu kutoka ngazi. Mashine imefungwa. Kelele. Maji ya kijivu yanatiririka sakafuni. Juu wanagonga — mafundi wa sakafu ya tano bado kazini.

Kipande kizuri cha zege hutoka kizima, kama pingili ya muwa. Nilimwonyesha hivyo mwaka wa kwanza.

Mashine imezimwa. Loyce kaingiza mkono. Katoa kipande, kifupi. Kingine. Cha tatu kimebaki ndani. Kachokoa kwa bisibisi, kimetoka mchanga na kokoto.

Kaokota kipande kimoja. Kakiweka kiganjani, anakibonyeza kwa kidole gumba. Kinasagika. Kavua glavu, kabonyeza tena kwa kidole kitupu.

Hakunitazama. Kamgeukia fundi, sauti ya chini, ya adabu ileile:

"Waambie wa juu waache kugonga. Waache kila kitu, washuke. Kisha piga hodi kila mlango."

Nassor kasogea. Kapiga magoti karibu na simu, anamwita Loyce kwa jina. Kugonga kumekoma. Naona miguu kwenye ngazi — ndala, buti, miguu mitupu ya watoto. Mama mmoja kabeba sufuria ya moto kwa kanga, anauliza kuna nini, naye anaulizwa vilevile. Watu wanapita pembeni ya nguzo ileile, mmoja kaishika ageuke kona.

Bado wanashuka