Kwa Nini Mama Hakulazwa Kando ya Baba

Dindira,
Korogwe, Tanganyika.
9 Septemba 1951.

Mpendwa dada Efrazia,

Shikamoo, dada. Hujambo huko Tabora? Shemeji Dominiko na watoto wanaendeleaje? Sisi miili ni mizima, ila mioyo bado. Baridi ya mwaka huu imezidi, hata Josefina wangu anaota moto mchana kweupe, nami nikimcheka ananinunia.

Barua yako imefika. Umeuliza jambo moja tu, nami nimelikwepa wiki tatu nzima: kwa nini mama tulimzika huku chini peke yake, na baba yuko kule mlimani miaka kumi na miwili sasa. Umewalaumu wajomba. Usiwalaumu, dada. Kosa ni langu.

Mwaka uliofuata harusi yako walikuja wapima milima, nami nikachukuliwa niwaonyeshe njia. Walikuwa na darubini ya miguu mitatu, mnyororo wa chuma, na bendera nyeupe za kusimika vileleni. Mchoraji wao, Athuman, mtu mpole sana, alinifundisha kusoma ramani. Mlima huchorwa kwa mistari inayouzunguka, mmoja ndani ya mwingine. Ikisongamana, hapo ni genge, ukuta wa mwamba. Ikiachana, hapo unaweza hata kulima. Nilivimba kichwa, dada, nikajiona msomi.

Wazee wakaniita. Wakaniambia nisiwafikishe makaburini, maana mgeni hakanyagi makaburi ya ukoo kabla hajatambulishwa kwa waliolala pale. Tena kila mtu aliogopa tusije tukanyang'anywa ardhi ikapandwa mkonge kama huko Mazinde.

Basi tulipofika njia panda nikawapitisha chini ya genge. Athuman akauliza, "Kule juu kwenye miti mikubwa kuna nini?"

Nikamjibu, "Hakuna kitu, ni ngedere tu."

Akaandika. Siku ile mama alinichinjia jogoo kwa kunipongeza.

Mwaka juzi mlima ukafanywa msitu wa serikali. Ukoo wa mzee Habakuki, ng'ambo ya mto, waliwaonyesha wapima makaburi yao bila hofu. Yakachorwa, na mpaka leo wanaruhusiwa kuzika pale. Sisi tulioficha ndio tuliofungiwa.

Mama alipozidiwa alitaka neno moja tu, alazwe kando ya baba. Nikashuka Korogwe kuomba kibali. Bwana wa misitu hakuwa mkali. Alitandaza ramani mezani akaniambia nimwonyeshe mahali penyewe. Niliutambua mlima wetu mara moja, kwa ile mistari iliyosongamana upande wa Kerenge. Kila kijito kipo. Genge lipo. Alipo baba pamepakwa rangi ya kijani tu, hapana alama.

Nikasema makaburi yapo. Akaniuliza kama nina hakika, maana wapima waliongozwa na mwenyeji. Angalikuwepo mtu wa kueleza, angalisikiliza, nilimwona usoni. Lakini sikumwambia kwamba mwenyeji huyo ni mimi. Niliona haya, na niliogopa kufungwa kwa kuwadanganya wapima. Nikachukua kofia yangu nikatoka.

Nilipofika nyumbani mama akauliza, "Umepata, mwanangu?"

Nikamwambia, "Nimepata, mama." Akanishika mkono, akashukuru. Siku ya tatu akafariki.

Wajomba wanadhani bwana alikataa tu, na hata matangani walinisifu kwa kuwazungusha wapima. Niliinama nikala chakula changu. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Ukiona huwezi kunijibu, sitakulaumu. Ila ukija, usiniulize mbele ya watu. Nitakupeleka mwenyewe kwenye kaburi la mama, na hapo useme lolote utakalo.

Josefina anakusalimu, pia mjomba Mhina na shangazi Afisa. Mpe shemeji heshima zangu, na watoto uwabusu. Mungu awatunze nyote, na mama ampe pumziko ambalo mimi nilimnyima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ikiwa bado unamtaka,

Yordani