Aliyekaa Mbele Kwenye Mtumbwi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Ujiji hatujambo, ila goti la babu yako linamsumbua.

Umeuliza timu yetu ya makasia ya shule ililipataje kombe la kwanza. Mwalimu alimweka mbele babu yako, aliyepiga kasia taratibu kuliko sote, akatuamuru tumfuate yeye. Mimi mwenye nguvu nikawekwa nyuma, nikanuna. Watu waliokuja kutazama pale ufukweni Katonga walitucheka. Wapinzani wetu waliondoka kwa kasi, kila mmoja na pigo lake, mtumbwi wao ukaenda upande. Wetu ulinyooka mpaka mwisho. Mwalimu yule alikuwa na akili, we acha tu!

Siku hizi tukienda sokoni, babu yako hutangulia, nami nafuata mwendo wake. Migebuka, wale samaki wa ziwani, hatujawahi kuwakosa.

Bibi yako,
Mwajuma