Mama Mkwe na Sufuria ya Kamande

Chaka, Kieni

Mama yangu mpendwa,

Habari za huko Kimilili? Mguu unaendeleaje, na ile dawa ya kupaka unaitumia ama umeiweka tu dirishani? Sisi huku tu wazima. Baridi ya huu mlima haijabadilika. Asubuhi vidole vinakataa kufunga vifungo vya sare. Mjukuu wako Naliaka naye ameshazoea.

Kaka ameniambia kwa simu kwamba sokoni watu wanasema mama mkwe alikuja kunipokonya mtoto kwa sababu namlaza njaa. Sitaki usikie nusu. Nakuandikia yote yalivyotokea, maana kwa simu ungenikatiza.

Unajua tangu mke wangu Nasimiyu afariki, Naliaka alikuwa akilelewa na mama mkwe. Mwaka huu nilimwomba, kupitia shemeji Barasa, mtoto aje akae nami, asome hapa. Mama mkwe alikubali shingo upande.

Nyumba ninayopanga iko nyuma ya bucha. Chaka ni mji wa nyama, watu wanatoka Nyeri na Nanyuki kuja kula mbuzi hapa. Mbuzi wenyewe hufungwa kando ya ua wetu wakingoja zamu yao. Naliaka akitoka shule alikuwa anawapelekea majani ya kabeji na kuwapa majina. Jioni moja nikaleta kilo moja ya mbuzi, nikaipika, nikaiweka mezani. Akasukuma sahani.

"Baba, mimi sitakula nyama tena."

"Kwa nini?"

"Huyu namjua."

Nilidhani ni mambo ya watoto, yatapita. Hayakupita. Na mimi nilikuwa najua kupika ugali, sukuma wiki na nyama, basi. Ukitoa nyama inabaki ugali na sukuma. Alikula hivyo mpaka akaanguka kwenye gwaride la shule. Zahanati wakampima, wakasema damu imepungua. Muuguzi akanitazama mimi na sare yangu. "Afande, asile nyama kama hataki. Lakini sukuma peke yake haiwezi. Jifunze kupika." Alisema vile mkubwa wangu anavyonipa amri, nikaitikia ndiyo.

Jirani yangu Mama Shiru anauza nafaka sokoni. Ndiye alinianzisha. "Ati unaweka maharagwe chumvi kutoka mwanzo? Ndiyo maana inakuwa ngumu kama mawe. Loweka kwanza, wewe." Akanionyesha njahi, yale maharagwe meusi, akanionyesha minji, yaani njegere, na waru, yaani viazi. Baada ya hapo Naliaka akawa ananiletea video za watu wa nchi nyingine wakipika. Tukapika maharagwe ya Meksiko, yaliyopondwa na pilipili, tukayakunja ndani ya chapati na avokado. Tukapika minji kwa bizari na tangawizi kama Wahindi. Tambi za Kichina nilizichemsha zikawa uji, tukazila hivyo hivyo.

Halafu nikakumbuka Moyale, nilipokuwa kazini huko. Wahabeshi wakiwa kwenye mfungo hawagusi nyama. Wanapika kamande nyekundu, ile jamii ya dengu ndogo, na kitunguu kinachokaangwa polepole hadi kiyeyuke, na pilipili yao nyekundu ya unga. Kamande nilipata Nanyuki. Pilipili nilitumiwa na mwenzangu aliyebaki huko. Siku ya kwanza kuipika Naliaka alipangusa sahani kwa kidole. Shavu likaanza kurudi.

Mimi bado nakula nyama, Mama, usiogope. Nakula karibu na kituo cha polisi, kisha nanawa na kusukutua kabla ya kufika nyumbani.

Mambo yaliharibika pale Naliaka alipomwambia bibi yake kwa simu, kwa furaha kabisa, "Kukhu, siku hizi hatupiki nyama." Mama mkwe alisikia kwamba mimi siwezi kununua nyama. Alipanda gari pamoja na shemeji Barasa, na jogoo ndani ya kikapu, wakatokea Chaka bila kunijulisha. Barasa alinikuta kituoni. "Shemeji, tumekuja kumchukua mtoto," akasema, akiangalia viatu vyake.

Sikubishana. Ningebishanaje, na mama mkwe alikuwa na haki ya kuogopa? Nilikwenda nyumbani kupika.

Unajua desturi yetu. Mama mkwe hawezi kulala kwangu wala kula mbele yangu, na mimi siwezi kumtazama usoni. Kwa hivyo Mama Shiru alimkaribisha kwake. Nilipika kamande, wali na zile chapati za maharagwe, Barasa akavibeba kwa Mama Shiru. Mimi nikabaki nimesimama uani kama mshtakiwa anayengoja hukumu. Jogoo alikuwa amefungwa mguu pale, akipiga kelele.

Barasa akarudi. "Mama anauliza ni nani amepika."

"Mwambie ni mimi."

Akaenda, akarudi. "Anasema usimdanganye."

Hapo nikamsikia Naliaka ndani. "Ni Baba, Kukhu. Kila siku ni yeye. Mimi nakata tu kitunguu."

Niliweza kusikia vijiko. Kisha Mama Shiru akapaza sauti: "Afande, kuja hapa mlangoni. Mgeni wetu anataka kujua hii kitu inapikwa namna gani."

Basi Mama, nilisimama nje ya jiko la Mama Shiru, mgongo wangu kwenye mlango, nikiongea na ukuta. Mama mkwe alikuwa ndani na mwiko.

"Anza na kitunguu. Mafuta baadaye."

"Kitunguu bila mafuta?" Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu mazishi.

"Ndiyo, Mama. Moto uwe mdogo."

"Kinaungua."

"Nyunyiza maji kidogo. Koroga."

"Pilipili?"

"Bado. Ngoja kilainike."

Mama Shiru alicheka mpaka akatoka nje, akakaa kwenye debe. Mimi sikucheka. Nilisikia mwiko ukizunguka, na harufu ilipokuwa sawasawa nikamwambia sasa, aweke.

Baadaye sauti yake ikaja kupitia mlango, polepole. "Baba Naliaka. Shule ikifungwa mtoto aje kwangu. Sitaki aje kukaa njaa nyumbani kwangu. Hizi kamande nitapata wapi?"

Nikamwambia nitampa za kubeba.

Yule jogoo mama mkwe alimwachia Mama Shiru. Asubuhi yake Barasa alibeba mfuko wa kamande na pilipili, wakaenda. Naliaka aliwasindikiza mpaka steji ya magari, akarudi, akasimama mlangoni na sweta ya shule.

"Kwa hivyo nakaa?"

"Unakaa."

Akatoa vitabu, akaanza hesabu zake.

Nisalimie kaka na mkewe, shangazi wa kanisani, na yule mzee anayekuchungia ng'ombe. Dada akija likizo mwambie nimesikia amejifungua salama, nimefurahi. Paka dawa mguu, Mama.

Ni mimi mwanao,
Wafula