Betri za Jirani

Jumanne, 3 Juni

Ofisi ya biashara imenirudisha tena. Leseni hawatoi mpaka nilete kibali cha mazingira. Na ofisi ya mazingira — kibali hawatoi mpaka nilete leseni. Nikamuuliza karani, sasa nianzie wapi? Eti nianzie panapostahili. Akafunga dirisha akaenda kula. Saa nne asubuhi! Anakula nini saa nne?

Na jingine. Dirisha la kwanza mzigo wangu wa mashine mbovu wanauita bidhaa chakavu. Dirisha la pili wanauita taka hatari. Kompyuta zile zile, printa zile zile! Ukikubali ni bidhaa, watataka uthibitisho kwamba si za wizi. Ukikubali ni taka, umejitangaza mchafu kwa mdomo wako. Nikasema ni vitu. Akaandika "vitu". Sijui kama nimemshinda au kanitega.

Betri ndizo zinanitia tumbo joto. Za simu na za kompyuta, debe zima, zimevimba kama shavu lenye jino bovu. Shemeji — mdogo wake mume wangu, ndiye tunayefungua naye mashine hapa karakana, mtaa mzima unamwita Bisibisi — anasema tuzitoboe zipumue. Atoboe yeye, mimi nikiwa mbali! Nikaona bora niulize wanaojua. Lakini si kwa simu yangu. Namba ikiingia kwenye kompyuta zao haitoki tena.

Nikaenda mlango wa pili kwa fundi cherehani, nikamwambia simu yangu imeisha chaji. Akacheka: wewe na machaja yote yale? Akanipa yake bila kuacha kukanyaga cherehani. Nikapiga ofisi ya mazingira. Akapokea binti mwenye sauti laini — laini mno. Nikajifanya si mimi. Nina jirani yangu, nikasema, ana betri zimevimba, nikazieleza zilivyo, je, afanyeje? Akasema mchanga mkavu, pipa la chuma lenye mfuniko, mbali na jua. Akauliza ni mtaa gani. Nikasema huu wenye tangi la maji, karakana yenye geti la bluu, kisha nikakata upesi.

Ushauri nimepata na jina sijaacha. Leo nimewazidi akili.

Jumatano, 4 Juni

Betri zote ziko kwenye mchanga. Bisibisi ananung'unika kubeba mchanga. Anung'unike.

Jumatatu, 9 Juni

Balaa limeingia na miguu yake. Kaja afisa wa mazingira, mrefu, buti za mvua mpaka magotini — na jua hili! Buti za nini? Nilijua tu ana jambo. Nitamwita Bwana Buti.

Akasema kuna malalamiko. Jirani yangu amepiga simu ofisini kuhusu betri.

Jirani gani? Hawezi kusema. Mwanamume au mwanamke? Akakohoa. Akasema ilikuwa sauti ya mama.

Sauti ya mama!

Akazunguka karakana yote. Akafunua pipa, akaona mchanga, akatikisa kichwa. Hivi hasa ndivyo inavyotakiwa, akasema, nani kakufundisha? Nikamwambia ni akili yangu tu. Ningemjibu nini? Kwamba nimepiga simu kwenu? Waanze kuniuliza mbona nilificha jina?

Kibali cha muda ninachofanyia kazi sasa kinakwisha tarehe thelathini. Nikikosa kile kamili, geti linafungwa. Anataka sakafu ya saruji chini ya paa lote, mapipa yenye mifuniko, na ridhaa ya majirani wawili tunaopakana ukuta kwa ukuta, kila mmoja na sahihi yake. Na hayo malalamiko yafungwe kwanza. Atarudi tarehe ishirini na nne.

Alipofika getini akasema, mama, nina kiu. Aa! Nikajua ndiyo ile lugha yao. Nikasimama nampigia hesabu: huyu atakunywa chai ya kiasi gani? Bisibisi, kwa ujinga wake, akamletea maji. Akayanywa yote akaomba mengine. Akashukuru akaenda zake. Bado sijamwelewa.

Jumanne, 10 Juni

Nani? Nani? Nani?

Ukuta wa kushoto ni Kilo, mnunuzi wa vyuma. Ananichukia tangu nianze kupokea friji. Lakini sauti yake inakwaruza kama msumeno kwenye bati, hata kipofu hawezi kudhani ni mama. Mke hana. Mfanyakazi wa kike hana.

Nimemwambia baba watoto. Akaendelea kukata kucha. Akasema mimi nikikiona kivuli changu ukutani nakiomba kitambulisho. Nikamwambia acheke tu, siku geti likifungwa na Bisibisi na watoto wake watatu wakija kukaa sebuleni kwetu ndipo atakapojua kama ni kichekesho. Hakucheka tena.

Ijumaa, 13 Juni

Kilo ametia sahihi ridhaa. Hakusoma hata mstari mmoja! Mtu anayetia sahihi bila kusoma ama ni mjinga ama anajua kilichomo. Na Kilo si mjinga.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekaa nimefikiri mpaka nimepata.

Kilo ni kushoto. Kulia ni nani? Fundi cherehani. Na sauti yake ni ya mama kweli. Mlango wake unatazama geti langu. Mashine yake ameiweka hapohapo mlangoni, eti kwa ajili ya mwanga. Mwanga! Hakuna kinachoingia kwangu asikione. Na Jumatatu, Bwana Buti hata hajafika kona, aliniuliza: mwenzangu, yule wa buti alitaka nini? Kwa nini aulize kama hajui? Aliuliza ili nidhani hajui!

Miaka sita tunaazimana chumvi. Watoto wangu wanakula kwake nikichelewa.

Wahenga hawakukosea. Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo zangu anashona nani?

Imeniuma. Naandika imeniuma kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Jumatano, 18 Juni

Nimeenda kuchukua gauni langu. Lilikuwa halijaisha, mkono mmoja tu ndio umeshaunganishwa. Nikasema lete hivyohivyo. Akasema subiri mwenzangu, kesho litakuwa tayari, una haraka gani? Nikasema haraka ya kukuondolea mzigo, maana una kazi mbili, kushona na kupiga simu.

Wateja walikuwa wanne. Wote wakageuka kunitazama.

Akaacha kukanyaga. Akasema, unasema nini wewe? Nikasema unajua. Akasema sijui. Nikasema muulize Bwana Buti. Nikaondoka na gauni la mkono mmoja begani, nikasikia nyuma yangu mtu akiuliza, kwani fundi ndiye amemshtaki?

Sikugeuka. Wala sikukanusha.

Ijumaa, 20 Juni

Sakafu imekauka. Saruji nzuri, unaweza kuoga juu yake. Mapipa yamepangwa mstari. Imebaki sahihi moja, na sahihi yenyewe ni ya yule!

Nimemtuma Bisibisi na fomu. Amerudi nayo tupu. Fundi amesema mwenye fomu aje mwenyewe. Mtego huo. Anataka nimpigie magoti mbele ya wateja.

Bisibisi akakaa juu ya printa mbovu akasema, shemeji, wateja wenyewe wako wapi? Leo nzima kashona shati moja la shule. Bombani, kwenye foleni ya maji, wanamwita Redio. Wanasema ukimpelekea nguo, kesho vipimo vyako viko ofisini.

Nikasema huo si mdomo wangu. Akaniangalia tu. Huyu mtoto siku hizi ananiangalia vibaya. Sijui anasema nini na nani.

Jumapili, 22 Juni

Baba watoto amesema niende nikaombe radhi nipate sahihi. Niombe radhi kwa aliyenichoma kisu!

Gauni nimelitundika kwenye msumari wa mlango. Kila nikipita ule mkono mmoja unanigusa.

Jumatatu, 23 Juni

Nimefika mpaka mlangoni kwake. Amekaa, mashine imefunikwa shuka. Mkononi simu, anaitazama tu. Nikajiambia, huyo, anawapigia tena. Nikageuza.

Jumanne, 24 Juni

Naandika nikiwa stoo. Wao wako uani. Nimewaambia nafuata miwani.

Niandike upesi, nione kama kwenye karatasi inaingia akilini.

Bwana Buti kafika asubuhi. Leo mvua, na leo kavaa viatu vya ngozi! Akakanyaga saruji, akainama akaigonga kwa funguo, akasema safi. Mapipa safi. Moyo ukatulia kidogo. Akasema sasa majirani. Nikasema mmoja amekataa. Hakuniuliza kwa nini, akachungulia ukutani akamwita fundi mwenyewe. Fundi akaja na kanga yake ya kazini, pini zimejaa kifuani. Hakunisalimu. Nami sikumsalimu.

Bwana Buti akafungua faili. Akasema tuanze na malalamiko, ndiyo yanayozuia mengine. Akasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno kama mtoto wa shule:

"Mpigaji, mwanamke, anasema: nina jirani yangu ana betri zimevimba kama shavu lenye jino bovu."

Mvua ilikuwa inagonga bati. Nikaisikia kila tone.

Shavu lenye jino bovu. Nani mwingine chini ya jua anasema hivyo? Yule binti wa sauti laini! Mimi nauliza, yeye anaandika mashtaka. Jirani ni mimi. Betri ni zangu. Mshtaki ni mimi. Nilijificha vizuri mpaka nikajishtaki mwenyewe.

Bisibisi akaangua kicheko. Akaanza, shemeji, si wewe ndiye — hakumaliza. Fundi alimkanyaga mguu. Nimeona kwa macho yangu! Kamkanyaga, kakanyaga hasa, kama anavyokanyaga cherehani yake.

Bwana Buti hakuona, alikuwa anabonyeza simu. Namba iliyopiga ni hii hapa, akasema. Na kifuani kwa fundi, katikati ya pini, simu ikaita.

Akaitoa. Akaitazama. Kisha akanitazama mimi. Nikajua anakumbuka: machaja yote yale, na mimi nimesimama mlangoni kwake naeleza mashavu na meno. Alikuwepo. Alisikia kila neno.

Bwana Buti akasema, kumbe ni wewe, mama.

Fundi akasema, "Simu ni yangu. Andika hivyo."

Basi. Hakusema amepiga. Hakusema hajapiga. Akaomba kalamu akatia sahihi ridhaa yangu, kisha akatia sahihi karatasi ya pili, mahali pa mlalamikaji. Akanisogezea kalamu.

Maana karatasi ya pili inataka na sahihi yangu. Kwamba jirani fulani alinilalamikia, tumepatana, yamekwisha. Bwana Buti anasema ni utaratibu tu: itabandikwa ubaoni ofisi ya mtaa siku tano, atakayekuwa na neno aseme, halafu kibali nakichukua. Itabandikwa na jina la mlalamikaji.

Ubaoni! Panaposomwa na bomba zima!

Nikitia sahihi, geti halifungwi, na fundi ni Redio mpaka anazikwa. Nikisema kweli, Bwana Buti ataandika kwamba mwenye karakana alidanganya ofisi, tena mara mbili, maana hata mchanga nilisema ni akili yangu. Kibali atanipa nani? Tarehe thelathini ndiyo Jumatatu. Bisibisi na watoto watatu.

Nimesema nafuata miwani, nione maandishi.

Anataka nini fundi? Mtu habebi mzigo wa mtu bure. Au anataka niwe na deni lake maisha? Au anangoja nitie sahihi ndipo aseme? Nimemgeuza kila upande kama mashine ninayotafuta skrubu iliyofichwa. Hakuna skrubu. Sioni. Labda anataka tu nitoke mwenyewe niseme.

Aibu, Mungu wangu. Aibu inawaka masikioni.

Bwana Buti anauliza Bisibisi kama stoo ina mlango wa nyuma. Anaanza kunishuku! Hauna. Ningekuwa nimeshatoka.

Sasa anayeita ni fundi. Hajapandisha sauti, ameita kama zamani, kama anayeniambia chungu changu kinafurika.

Mwenzangu, anasema, toka. Miwani iko kichwani kwako.

Nimegusa. Iko kichwani. Aliiona tangu naingia, akaniacha niingie.