Hodi Iliyotangulia Sahani

Dada Zuhura,

Nakusihi usimsomee mtu yeyote kadi hii. Mama akijua kwamba ninalala Carama, mtaa wa Bujumbura ambako risasi husikika, atanirudisha Ujiji.

Mimi karani wa duka la simu sasa naandika kiendeshi, yaani programu ya kuunganisha prosesa mbili zilizo ndani ya chipu moja ya simu. Ya kwanza huweka ujumbe mahali pa pamoja, kisha huipigia ya pili kengele ije iuchukue. Kwa wiki nzima, prosesa ya pili ilikuwa ikisoma ujumbe wa zamani, na tajiri wangu, Bwana Nassor, alisema ikishindikana nirudi nyumbani.

Mama Chantal, mwenye nyumba wangu, huniwekea chakula mlangoni kila jioni, kisha hubisha. Jana alibisha, nikafungua, nikakuta sahani tupu niliyoitoa mchana. Yeye alikuwa bado amesimama, samaki wa mukeke wa kukaanga mkononi.

"We karani, unafungua mbio hivi, ni njaa ao woga?"

"Umebisha kabla ya kuweka, Mama."

"Bunduki zinalia kule. Mi nilitaka kukimbia kwangu."

Nilicheka mpaka naye akacheka. Kiendeshi changu kilifanya vilevile: kengele ililia kabla ujumbe haujafika. Leo nimekilazimisha kihakikishe kwanza ujumbe umekaa, ndipo kengele ilie. Simu ikatoa sauti safi, Bwana Nassor akaniagizia brosheti za mbuzi, mishikaki ya huku, na mimi nabaki Bujumbura.

Ukinihitaji, piga simu dukani, mtaa wa Asiatique, wakati wa mchana. Lakini nikipokea tu, sema kwanza kwamba nyumbani wote ni wazima, ndipo unisalimie.

Mdogo wako,
Idi