Simu Moja ya Kathonzweni

Jumatatu, 8 Septemba. Kwa Vonza.
Diski ya seva imejaa tena. Asilimia 94. Kila ukurasa wa maji naweka nakala mbili: moja imebanwa ipungue ukubwa kwa gzip, njia ya zamani, nyingine kwa Brotli, njia mpya. Simu ikiomba ukurasa inataja inazoelewa, seva inachagua. Orodha ya vioski vyenye maji leo, pamoja na ramani: KB 380 bila kubanwa. Gzip 52. Brotli 43. Nimechoka kulisha mbili.

Jumanne, 9 Septemba
Nimehesabu wiki nzima. Simu 212. Zisizojua Brotli: moja. Iko Kathonzweni, hufungua kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kule niliandikisha nyumba 38 za mwethya, kikundi chao cha kazi ya pamoja, kwa miguu, jua la saa saba. Imebaki simu moja. Wananidharau tu. Nimetoa gzip.

Alhamisi, 11 Septemba
Seva nyepesi. Kathonzweni hata ile moja imenyamaza. Sawa. Hii kazi nilijifunza mwenyewe kwa saiba, duka la intaneti, hakuna aliyenisomesha. Wa kushukuru pia hakuna.

Ijumaa, 12 Septemba
Mama Mueni amepiga, katibu wa mwethya. Salamu fupi. Juzi ukurasa ulizunguka mpaka bando yake iliyobaki kidogo ikaisha. Seva ilikosa gzip, ikamtumia KB 380 zote. Basi wakakisia. Akina mama sita na punda wakaenda kioski chenye pampu mbovu, kilomita tisa, wakarudi na mitungi mitupu. Wakikosa tena kesho wanatoka kwenye huduma yangu, wanarudia kutuma mtu kwa miguu kukagua vioski. Nikajitetea: huko ni simu moja tu inafungua.

“Mutua, hiyo simu moja ni sisi wote. Mimi nasoma, wao wanasikiza. Ama ulitaka nyumba thelathini na nane zinunue bando thelathini na nane?”

Husoma kabla ya kazi, wote wamesimama na majembe. Nimewahi kuwa hapo. Nilikula isyo yao, mahindi na maharagwe. Mimi, mtu wa hesabu, sikuhesabu.

Nimejikasirikia vibaya. Nimerudisha gzip. Nafasi ikakosekana, nikafuta picha zangu za siku ya uzinduzi. Zote. Nikamtumia Mama Mueni bando.

Jumamosi, 13 Septemba
Saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili. Kathonzweni, gzip, KB 52. Mstari mmoja kwenye rekodi ya seva. Nimeuangalia mpaka chai ikapoa. Kando yake nimeandika: nyumba 38.