Kulikana Jukwaa

Nevers, 11 Februari 1684

Mwanangu Perrine,

Salamu kwako na kwa wenzako wote wa kundi. Hujambo? Kikohozi cha Lyon kimekuacha? Changu kimenishika tangu Krismasi na sasa kinatoa damu, kwa hiyo usiniulize afya, nitakudanganya.

Jana Padri Mossard alikuja na karatasi. Anataka nitie sahihi mbele ya mashahidi wawili kwamba naikana kazi ya jukwaa na sitaigiza tena, hata nikipona. Nisipotia, sipati komunyo wala kaburi la kanisani. Nitafukiwa nje ya ukuta, upande wa watengeneza ngozi, pamoja na waliojitoa uhai. Nilimuuliza mbona mfalme mwenyewe hutuita tumchekeshe. Akanijibu kwamba mfalme hazikwi Nevers.

Nimemfukuza. Miaka arobaini nimeigiza, michezo sita nimeiandika kwa mkono wangu, leo niseme ulikuwa uchafu?

Ni mimi baba yako,
Anselme

Lyon, 20 Februari 1684

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila barua yako imeniondolea usingizi.

Tia sahihi, baba, nakupigia magoti. Mama amezikwa ndani ya ukuta ule miaka sita sasa kwa sababu yeye alitia. Siku ile alinishika mkono akaniambia, "Baba yako ana kiburi. Usikubali aniache nilale peke yangu." Nikamwahidi. Sote hutia sahihi siku ya mwisho, hata wale waliocheza mashetani maisha yao yote. Mmegombana miaka ishirini na saba kwenye kitanda kimoja, mtaachanaje leo?

Huku tunacheza mchezo wako, Mjane wa Kinu. Mjane ni mimi.

Mwanao,
Perrine

Nevers, 30 Aprili 1684

Mwanangu,

Salamu nyingi. Habari za safari? Mimi sijambo, na hapo ndipo penye balaa.

Nilitia sahihi. Nikapakwa mafuta, nikaagana na kila mtu vizuri kabisa, majirani wakalia. Kisha nikapona. Ni kosa la mwigizaji: nilikufa vizuri mno kabla ya zamu yangu. Kinyozi Gobert sasa haniiti jina. Huniuliza, "Marehemu, leo tunyoe au tuache?" Mtaa mzima unacheka, nami nacheka nao.

Lakini nyumbani sina la kufanya. Nikikata vitunguu huanza kusema maneno ya wafalme wangu, kisha nakumbuka, nanyamaza. Nina huzuni, mwanangu, sitakuficha. Ila ahadi ni deni, na mahali pangu kando ya mama yako pananingoja.

Baba yako

Moulins, 18 Septemba 1684

Shikamoo baba,

Natumaini kifua kimetulia. Wiki ijayo tutakuwa Nevers, kwenye ukumbi wa kuchezea mpira. Mkuu wa kundi amechagua Mjane wa Kinu kwa kuwa ni mji wako. Nilikataa, hakunisikia.

Baba, usije. Mchezo ukiisha nitakuja mwenyewe nyumbani, tule supu ya kabichi, nikusimulie yote. Padri Mossard atakuwa na macho kila kona.

Mwanao

La Charité, 29 Septemba 1684

Shikamoo baba, kama bado unaipokea shikamoo yangu.

Sikuja nyumbani. Magari yetu ya farasi yalipoondoka asubuhi nilikuwa nimejifunika mapazia ya jukwaani, nisikutane na macho ya mtu. Naona aibu.

Nilikuona pale chini, kati ya waliosimama. Umekonda mpaka koti lako limekuwa la mtu mwingine. Maneno yakanitoka kichwani, mimi niliyeyasema mara hamsini. Mtu akaanza kupiga mluzi. Ndipo uliponipa mstari wangu kwa sauti kubwa: "Unga wangu haujasagwa, mzee, na wewe umeshanusa mkate!" Ukumbi mzima ukageuka. Mwenzangu anayecheza mwenye kinu akapigwa na bumbuwazi, nawe ukamjibia, ukaendelea pale pale chini hadi mwisho wa onyesho. Wakakupigia makofi, na ulikuwa ukilia.

Nasikia padri ameichana karatasi. Kosa ni langu. Mwombe nyingine, baba, utie tena.

Mwanao

Nevers, 12 Oktoba 1684

Perrine mwanangu,

Usijilaumu. Mwenzako akikwama unampa neno, hujiulizi mara mbili. Ndivyo tulivyolelewa.

Kikohozi kimerudi, na damu yake. Padri anakubali karatasi ya pili, lakini safari hii nisimame kanisani Jumapili, nikane michezo yangu kwa sauti, kisha nikutaje wewe. Niseme binti yangu Perrine ni mwenye dhambi, nilimlea vibaya, na simtambui mpaka aache jukwaa. Kazi naweza kuikana. Hilo lingine ndilo linalonikaba.

Baba yako

Bourges, 20 Oktoba 1684

Shikamoo baba,

Nitaje. Ni maneno tu, nami nakuruhusu. Nilimwahidi mama.

Mwanao, hata ukinikana

Nevers, 3 Novemba 1684

Mwanangu Perrine,

Salamu. Ya afya tuyaache, naandika nikiwa kitandani.

Jumapili Gobert alinishika bega mpaka kanisani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikana wafalme wangu, nikakana michezo yote sita, mmoja mmoja, na sauti ikafika hadi mlango wa nyuma. Padri akasema, "Sasa binti yako." Akarudia mara mbili, akidhani uzee umenisahaulisha. Gobert naye, maskini, akaninong'oneza jina lako ili anisaidie. Nikamwambia, "Nalijua." Nikamwomba anirudishe nyumbani.

Usije, utakuta wameshanifukia. Ila siku ukipita Nevers, ingia kaburini kwa mama yako, wewe bado huzuiliwi. Mwambie safari hii hakikuwa kiburi. Mwambie nilichoombwa kilikuwa chake pia, ndiyo maana sikukitoa.

Baba yako